Moja ya Bwana Sekanina

Mkwaruzo mmoja mfupi wa kalamu. Vlasta Kubínová aliubeba tangu utotoni, kama wengine wanavyobeba wimbo. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini Brno. Jioni alisahihisha madaftari kwenye meza ya jikoni, na binti yake alikaa upande wa pili akimenya viazi. Alama za shule zetu huanza na moja, ambayo ndiyo ya juu, na kushuka hadi tano, ambayo mtoto huificha chini ya godoro. Vlasta hakuhitaji kutazama, alisikia. Tano ilichukua muda, kalamu ikigeuka kona na kujikunja. Tatu ilijikunja mara mbili. Moja ilikuwa mkwaruzo tu, juu kwenda chini, basi. Kazi njema ndiyo iliyokuwa na sauti fupi kuliko zote.

Mara chache sana, baada ya mkwaruzo huo, ilifuata mingine mitano, midogo na ya haraka. Hiyo ilikuwa nyota. Moja yenye nyota haikutolewa ovyo. Vlasta aliipata mara moja tu, akiwa darasa la tatu, kwa imla isiyo na kosa hata la nukta, na mama yake hakusema neno. Alimrudishia daftari, akaendelea kukata mkate. Mtoto akaenda kulisoma chooni, mlango umefungwa.

Nilipomfahamu mimi alikuwa na miaka hamsini na minane na goti bovu, na alikuwa kiongozi wa kikundi chetu cha watu watano. Kampuni yetu inaandika programu za kuendesha lifti. Wengine wanaziandika, sisi tunazitafutia makosa. Nyuma ya ofisi kuna mnara wa ghorofa nne wenye lifti isiyompeleka mtu popote. Inapanda na kushuka ili tuone itakosea wapi. Humo ndani ndimo Radim Sekanina alimokaa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, na kiti cha kukunja na chupa ya chai.

Sekanina alikuwa na miaka arobaini na minne, baba wa mapacha, mtu wa sweta moja ya kijani. Miaka kumi na moja meza yake ilitazamana na ya Vlasta, na bado aliitwa Bwana Sekanina, naye alimwita Bi Kubínová. Kwetu mtu haitwi kwa jina la kwanza mpaka yule mkubwa atoe ruhusa, na Vlasta hakuwa mtu wa kutoa. Sekanina alipomletea kosa alilolinasa, pengine baada ya wiki tatu za kupanda na kushuka, Vlasta alisoma ripoti yote, akavua miwani, akasema, "Inapita." Kisha akafungua daftari lake la jalada la bluu, akaandika kitu. Hakuna aliyejua anaandika nini, na hakuna aliyeuliza.

Kisha kampuni ikanunuliwa na Wamarekani wa Columbus, jimbo la Ohio.

Sitasema walikuja na mabaya. Walikuja na majina ya kwanza. Siku ya kwanza tu mkurugenzi wao alimwita mlinzi wetu wa mlangoni, mzee wa miaka sabini, kwa jina la kwanza, Otakar, na mzee akageuka kutazama nyuma yake. Waliandika barua pepe zilizojaa vipicha vya jua na fataki kwa jambo ambalo sisi tungelijibu "nimepokea." Walikula mkate mbele ya kamera huku wakiendelea kuzungumza, wakati sisi saa tano na nusu tunainuka sote kwenda kula supu na gulashi, na simu ikilia wakati huo inajilia yenyewe. Waliona ajabu kwamba Ijumaa mchana ofisi ni tupu. Sisi tuliona ajabu kwamba kwao mtu anaweza kuitwa asubuhi na jioni akawa hana kazi. Kwetu sheria inataka sababu, maandishi na notisi ya miezi miwili.

Aliyemsimamia Vlasta kutoka kule alikuwa Corinne Haskell. Katika kikao chao cha kwanza cha video Corinne aliuliza hali, kama wanavyouliza wao, na Vlasta akadhani ni swali. Akaeleza goti la kushoto, gegedu, foleni ya daktari wa mifupa na jinsi ngazi za tramu zilivyo ndefu. Sisi tulitazama meza. Lakini wiki iliyofuata, kabla ya jambo lolote, Corinne aliuliza, "Na lile goti la kushoto?" Kikao kilipokwisha Vlasta aliniambia kwamba hata mwanawe hakumbuki ni lipi.

Fomu ilikuja mwezi wa Juni. Kila mfanyakazi aandike ushindi wake mkubwa wa mwaka, na nafasi ilikuwa herufi elfu mbili. Sekanina aliandika, "Nilipima lifti." Kisha kila kiongozi awapime watu wake kwa mambo sita, kwa namba kuanzia moja hadi tano.

Vlasta aliifungua fomu Ijumaa saa saba na nusu. Basi la kwenda kwenye kibanda chake cha shamba huondoka saa nane na dakika kumi, na stroberi zilikuwa zimeiva. Maelezo ya namba yalikuwa chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Mwanamke aliyelipwa miaka thelathini kutafuta makosa ya wengine hakuuteremsha ukurasa hadi mwisho. Sisi wengine alitupatia mbili na tatu, kwa haki, akimfikiria kila mmoja. Mimi nilipata mbili. Kwa Sekanina aliandika moja, moja, moja, moja, moja, moja. Aliniambia baadaye kwamba alisikia kalamu, ingawa alikuwa anabonyeza kompyuta. Akachukua ndoo yake ya stroberi, akaliwahi basi.

Wiki mbili zilipita. Jumatatu moja Vlasta aliinama kuokota kalamu, akaona chini ya meza ya Sekanina hakuna ndara.

Hapa kwetu, kazini kama nyumbani, tunavua viatu mlangoni. Ndara za Sekanina zilikuwa za kitambaa cha miraba, kisigino kimelala, na zilikaa pale miaka kumi na moja. Sasa alikuwa amekaa na viatu vya njiani, kama mgeni anayesubiri kuitwa. Vlasta alimuuliza kama amezipeleka kufuliwa. Akajibu kwamba amezipeleka nyumbani.

Ilibidi amuulize mara tatu ndipo Sekanina akatoa barua kwenye mkoba. Columbus walimwandikia kwa upole sana. Walisema kiongozi wake amempa kiwango cha chini kabisa kwa mambo yote sita. Walisema wanamtakia mema, na kwamba akitia sahihi makubaliano yaliyoambatishwa kabla ya Ijumaa saa sita mchana, wataachana kwa heshima. Vlasta aliisoma amesimama. Rangi ilimtoka usoni kuanzia paji kushuka chini. Kisha akakaa, akaifungua ile fomu, akateremsha ukurasa hadi mwisho.

"Nilikupa moja," alisema.

"Najua, Bi Kubínová. Imeandikwa."

"Moja ya shuleni, Bwana Sekanina."

Nilikuwa meza ya pili, na niliona jinsi jambo lile lilivyomwingia, polepole, kama maji kwenye chungu kikavu. Nilidhani atacheka, lakini alikunja barua mara nne.

Alisema anafurahi kujua. Alisema pia kwamba sheria ingemlinda, anaweza kukataa sahihi na kubaki, lakini siku kumi hizi zimemfundisha kitu. "Barua ilipofika sikushangaa. Hilo ndilo linaloniuma. Mke wangu huniuliza, kazini wanakuonaje? Miaka kumi na moja namwambia, sijui, nadhani inapita." Akavaa koti lake. "Nikadhani labda haikupita."

Hakusema kwamba hatatia sahihi. Akaenda kwenye mnara.

Vlasta alimpigia Corinne mara tu kulipokucha Ohio. Corinne alicheka kwanza, kisha akaacha ghafla, akasema orodha ya alama imeshafungwa. Kuna mahali pamoja tu pa kuibadilisha, mkutano wa viongozi wote, Alhamisi saa kumi jioni kwa saa zetu. Kila kiongozi ana dakika mbili kumtetea mtu wake. Vlasta alisema hiyo haina shida, atawaambia kwamba Bwana Sekanina anafanya kazi yake.

"Usiseme hivyo," Corinne alimwambia. "Ukisema anafanya kazi yake, hawa watasikia kwamba hafanyi kitu. Nyinyi mtu akinyamaza maana yake mambo ni sawa. Sisi mtu akinyamaza tunadhani kuna maiti ndani ya nyumba."

"Na sisi mtu akisifiwa sana tunadhani anauzwa."

Corinne alikubali kwamba mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini dakika ni mbili, na lazima zijae.

Siku tatu hizo Vlasta alijaribu. Nilimsikia msalani kazini akisema maneno ya Kiingereza mbele ya kioo, maneno makubwa ya kung'aa, na kila moja lilimtoka kama anatema mbegu. Wa ajabu. Wa kipekee. Nyota ya kikundi. Aliniuliza kama watu wazima husema hivyo mchana, bila kunywa. Hynek Toufar, kiongozi wa idara ya jirani, mtu mwenye mdomo, alimkuta Alhamisi mlangoni amejipaka rangi ya midomo.

"Bi Mhandisi, leo unaolewa na Ohio?"

"Leo naomba talaka, Bwana Toufar. Nipishe."

Aliniomba nikae kando ya kamera, nimnong'oneze neno la Kiingereza likimpotea. Viongozi kumi na wawili walijitokeza kwenye vidirisha vyao, nusu wa kule, nusu wa huku, Toufar mmoja wao. Wamarekani walianza. Mmoja alisema mtu wake amebadilisha maana ya kazi. Mwingine alisema wake ni moto, ni injini, ni moyo wa kampuni, na machozi yalimlengalenga, na nadhani yalikuwa ya kweli. Vlasta alisikiliza mikono imelala mapajani. Kidole cha mkono wa kulia kilikuwa kinaandika pajani mkwaruzo mmoja, juu kwenda chini, juu kwenda chini.

Zamu yake ikafika. Alieleza kwanza kosa lake, kwa sentensi mbili, bila kujitetea. Kwenye shule zetu moja ni ya juu, na yeye hakusoma chini ya ukurasa. Kisha akasema, "Radim Sekanina si mbaya."

Hilo lilikuwa neno kubwa kuliko yote aliyowahi kusema juu yake, na lilianguka mbele ya kamera kama kijiko. Nilimwona Corinne akifumba macho. Nikamnong'oneza Vlasta, wa ajabu, sema wa ajabu. Akatikisa kichwa.

Akalichukua lile daftari la jalada la bluu.

Aliwaambia kwamba kila lifti yenye programu yetu hutuletea kumbukumbu zake, saa, uzito, mlango. Sekanina anapokamata kosa hapa, yeye Vlasta husubiri. Husubiri hata mwaka, mpaka siku ambapo, mahali fulani, hali ileile iliyozaa kosa itatokea kwenye lifti ya kweli, ili aone ingekuwaje kama kosa lisingekamatwa. Halafu huandika. Leo angependa kuwasomea mambo ambayo hayakutokea.

Akavaa miwani.

"Tarehe kumi na moja Machi. Hospitali ya wazazi. Umeme ulikatika ukarudi ndani ya sekunde moja. Kilo mia mbili na kumi, kitanda na watu wawili. Mlango haukufunguka kati ya ghorofa."

"Tarehe mbili Mei. Nyumba ya wazee. Kilo hamsini na tatu, mtu mmoja. Vibonyezo viwili vilibonyezwa pamoja. Lifti haikukwama."

"Tarehe thelathini Agosti. Jengo la ghorofa kumi na mbili. Kilo kumi na tisa." Akaitazama kamera. "Kilo kumi na tisa ni mtoto peke yake. Mlango haukubana mkono."

Alisoma bila kupandisha sauti wala kuishusha, kama anayesoma imla kwa darasa, akiacha nafasi ya watu kuandika. Dakika mbili zilikwisha na hakuna aliyemkatiza. Alipofika la thelathini na moja alifunga daftari, akasema mengine yako nyumbani.

Yule Mmarekani wa machozi ndiye aliyezungumza wa kwanza. Aliuliza, taratibu, kama Sekanina mwenyewe anajua kwamba kuna daftari hilo.

Vlasta alivua miwani. Alichukua muda mrefu kuifuta.

"Hapana," alisema.

Corinne akasema anabadilisha, alama za kikundi chote anazigeuza, na Sekanina anampa tano. Vlasta alikunja uso kama aliyekanyaga msumari. Miaka hamsini haimtoki mtu kwa alasiri moja. Lakini aliitikia kwa kichwa, akasema asante, tano, asante.

"Ngoja kidogo," Corinne akaendelea, akiperuzi orodha yake. "Hynek. Yule mtu wako ulimpa tano kwa yote. Tumeshampelekea barua ya pongezi. Na kikombe."

Toufar alikuwa mwekundu hadi masikioni. Huyo mtu wake alikuwa mvivu ambaye hata mlinzi Otakar alimjua kwa jina, na kwa wiki nzima alikuwa anakunywa chai kwenye kikombe kilichoandikwa Bingwa. Toufar alisema kwamba ni hadithi ndefu. Kwenye vile vidirisha vidogo Wamarekani sita na watu wetu watano walicheka kwa wakati mmoja, na sidhani kama ilikuwa imewahi kutokea kabla ya hapo. Vlasta peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama mlango.

Sekanina alikuwa kwenye mnara. Nilimtangulia Vlasta kwa sababu goti halimruhusu kwenda haraka, nikakaa kwenye meza ya vipimo, chini ya mnara, kando ya lifti. Aliingia amevaa ndara zake, daftari kifuani. Lifti ilikuwa chini, mlango wazi. Sekanina alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja, na viatu vya njiani, na ile barua ikiwa juu ya goti, bado haina sahihi. Vlasta aliniashiria niipandishe. Akaingia. Mlango ukajifunga.

Ndani ya lifti kuna kipaza sauti cha dharura, na kinasikika kwenye meza ya vipimo. Nilipaswa kukizima.

Nilisikia injini na kamba. Nilisikia Vlasta akimwambia kwamba mambo ya Columbus yamekwisha, kazi ni yake, na kwamba sasa ana tano, asiogope, kule ni nzuri. Nilisikia karatasi, na nikajua amempa daftari. Lifti ikafika juu, ikakaa, ikaanza kushuka. Ghorofa ya nne, ya tatu. Sekanina alikuwa anasoma. Mara moja alisema, kwa sauti iliyokauka, "Kilo kumi na tisa," kana kwamba anauliza, na Vlasta akasema ndiyo.

"Kwa nini hukuniambia, Bi Kubínová?"

Alimjibu kwamba alidhani amemwambia. Kila mara, alidhani amemwambia.

Kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza ilisikika kalamu. Naijua sauti hiyo sasa, kwa jinsi nilivyosimuliwa mara nyingi. Mkwaruzo mmoja, juu kwenda chini, kwenye karatasi, pengine kwenye ile barua yenyewe. Kisha mingine mitano, midogo na ya haraka.

Lifti ilikaribia chini. Niliweka mkono kwenye swichi ili nikizime kipaza sauti, kwa aibu, kwa heshima, na kabla sijabonyeza nilimsikia Vlasta akisema kwa sauti ndogo sana, kama mtoto anayesoma peke yake nyuma ya mlango uliofungwa:

"Moja. Yenye nyota, Radim."